Drafti ya Seattle Seahawks 2012: walipewa F, wewe leo unawapa ngapi?

#1 (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Kabla hamjasema nimekosea jukwaa, drafti ninayoongelea sio ile ya vizibo vya soda pale kijiweni, ni ile ya NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) ya kila mwezi wa nne, timu 32 zinapanga foleni zinachukua vijana waliomaliza kucheza vyuo vikuu. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa usajili wa Simba na Yanga, haya ni mambo mengine kabisa.

Kwa wasiofuatilia, mnakumbuka mpira wa mtaani manahodha wawili wanachaguana? Ni hiyo hiyo, ila hapa aliyeburuza mkia msimu uliopita ndio anaanza kuchagua na bingwa anachagua mwisho, raundi 7. Kijana akishaitwa jina hana ujanja, anaenda huko huko hata kama alikuwa anaota kwingine. Na timu zinaruhusiwa kuuziana nafasi kwenye foleni, mimi nakuachia ya 12 wewe nipe ya 15 na kitu juu. Sasa kinachonikera kila mwaka ni hiki, kesho yake asubuhi tu wachambuzi wanatoa maksi, timu hii A, timu ile C, wengine F, kwa watoto ambao hata jezi hawajapimishwa!!

Niwape kisa. Nimefika Kent, huku kusini mwa Seattle, mwishoni mwa 2011, nikapata kibarua kwenye godauni moja zamu ya usiku. Mpira wao nilikuwa siujui, naona tu watu wanarundikana halafu filimbi. Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa pale kazini, shabiki wa Seahawks tangu enzi wanacheza kwenye uwanja wa Kingdome ambao ulishabomolewa. Timu ilikuwa imemaliza 7-9 (imeshinda 7, imefungwa 9), kwotabeki (yule anayerusha mpira, ndio moyo wa timu) alikuwa Tarvaris Jackson, alipambana lakini hakuwa wa kukupeleka mbali. Mzee akawa na matumaini sana na hiyo drafti.

Alhamisi ile ya mwisho wa mwezi wa nne 2012 tulikuwa hatujaingia zamu, tunaangalia kwenye simu yake pale maegesho. Ikafika namba 12, zamu ya Seattle, mara paap wakawauzia Philadelphia ile nafasi, wao wakarudi nyuma mpaka 15 na kupewa nyongeza mbili za huko chini, ya 114 na ya 172. Philadelphia wakamchukua Fletcher Cox, dude la kati la difensi, mtu aliyekuja kuitwa Pro Bowl, mechi ya mastaa wa ligi, mara 6. Mzee kimya. Ikafika 15 likaitwa jina Bruce Irvin wa West Virginia. Mzee aliiweka simu juu ya boneti taratibu, kama mtu anayeweka yai, halafu akatamka neno ambalo nikiliandika hapa nitakula ban.

Irvin alikuwa kijana aliyeacha sekondari, akarudi shule baadaye, akapitia chuo kidogo California ndio akaibukia West Virginia. Mbio anazo, lakini karibu wachambuzi wote walikuwa wamempanga chini zaidi ya hapo. Ijumaa raundi ya pili wakarudi tena nyuma, toka 43 mpaka 47, safari hii wakiwauzia New York Jets, wakamchukua Bobby Wagner wa Utah State, chuo ambacho mzee mwenyewe alikuwa hakijui vizuri. Wagner alikosa hata yale majaribio makubwa ya Indianapolis kwa sababu alikuwa anaumwa nimonia. Raundi ya tatu, namba 75, Russell Wilson. Kwotabeki mfupi, hafiki hata futi 6, na aliwahi kuchukuliwa na timu ya besiboli ya Colorado Rockies mwaka 2010. Tena huyu anachukuliwa mwezi mmoja tu tangu wamsajili Matt Flynn kwa mamilioni aje awe namba moja.

Jumatatu mzee alikuja na karatasi kaiprinti nyumbani, makala ya mtandaoni, Seattle kapewa F. Akaibandika kwenye mlango wa friji chumba cha mapumziko kwa gundi ya karatasi, pembe zote nne. Ukifungua friji kuchukua wali wako unakutana na F.

Msimu ule ule Wilson akamuweka Flynn benchi kabla hata ligi haijaanza. Akarusha tachidauni 26 (ndio magoli ya kule, mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja), akaifikia rekodi ya Peyton Manning kwa mchezaji mgeni wa ligi. Timu 11-5, wakatolewa Atlanta 30-28. Msimu uliofuata ndio ile Super Bowl, fainali ya ligi, ya tarehe 2/2/2014, Seattle 43, Denver 8, taji la kwanza la hii timu. Jumanne nimeingia kazini nakuta mtu kaandika kwa maka peni nyekundu chini ya ile F: 43-8.

Swali langu kwenu, sasa muda umepita wa kutosha, hii drafti unaipa maksi ngapi na unatumia vigezo gani? Mimi nina jibu langu ila nataka nisikie kwanza. Nawasilisha.

#2

Ngoja nivute kiti na karanga. Sijui chochote ila yai juu ya boneti limenimaliza 😂

#3

Mkuu hii mbona rahisi. Wilson peke yake anatosha, A+ funga uzi twende tukalale. Kwotabeki wa ubingwa umempata raundi ya tatu, hao wengine hata wangekuwa magarasa wote tisa bado ni A+. Mnajua Jacksonville walichukua nani namba 70, nafasi tano kabla ya Wilson? Bryan Anger. Anacheza nafasi gani? Mbutuaji!! Yule anayeingia kubutua mpira timu ikishakwama. Na wakati huo kwotabeki wao ni Blaine Gabbert, kwa hiyo ni kweli mbutuaji walikuwa wanamhitaji kila dakika hahahaha

#4

Wasee tupunguze moto kidogo. Niko Nairobi na hii ligi naifuatilia tangu zamani, naamka saa nane usiku kuona Super Bowl halafu naenda job nikiwa zombi. Mkianza kupeana A+ ovyo mtawapa nini Pittsburgh Steelers wa 1974? Lynn Swann, Jack Lambert, John Stallworth, Mike Webster, hao wanne wote wako Hall of Fame, jumba la magwiji wa ligi, na wametoka drafti moja. Moja!! Na Donnie Shell alikuja mwaka huo huo bila kuchaguliwa, naye pia yuko ndani. Hiyo ndio A+. Hii ya Seattle ni A ya kawaida, tena nikiangalia Irvin naweza shusha.

Halafu kitu kingine, Wilson alikuta nyumba imeezekwa tayari. Earl Thomas na Kam Chancellor wametoka drafti ya 2010, Richard Sherman na K.J. Wright 2011, Marshawn Lynch walimnunua toka Buffalo. Sasa huyu kijana anaingia anakuta difensi ya kutisha na mkimbiaji anayebeba watu mgongoni, kweli ungeshindwa?

#5 (mleta uzi)

Mkuu #4 umeongea kitu lakini kuna sehemu unateleza. Hiyo nyumba ilikuwa imeezekwa ndio, mlango ilikuwa haina. Difensi ile ile, Lynch yule yule, 2011 walimaliza 7-9. Halafu 11-5. Kilichoongezeka ni nini kama sio hawa?

Na #3, hapo kwenye "Wilson peke yake" ndipo wengi tunakosea. Tunapima drafti kama mtu anayepima daladala kwa kumuangalia dereva. Mimi nilivyokaa nikafikiria, kinachoipa hii drafti thamani hata sio Wilson kuwa mzuri, ni Wilson kuwa mzuri KWA BEI ILE.

Nifafanue. Mwaka 2011 ligi na chama cha wachezaji walisaini mkataba mpya, mishahara ya wachezaji wapya ikafungwa kulingana na namba uliyochaguliwa. Kabla ya hapo mtu wa kwanza kwenye drafti alikuwa anaweza kuvuna pesa za kutisha kabla hajagusa mpira, baada ya hapo basi. Na ukishasaini huruhusiwi kurudi mezani mpaka msimu wa tatu uishe, hata uwe malaika. Kwa hiyo Wilson wa namba 75 alisaini miaka minne kwa kama dola milioni 3 zote. Zote jamani, sio kwa mwaka. Msimu wa ubingwa gharama yake kwenye hesabu za timu ilikuwa chini ya dola laki 7, wakati kikomo cha mishahara kwa timu nzima kilikuwa milioni 123.

Sasa jiulize hela iliyobaki ilienda wapi. Mwezi wa tatu 2013 wakawasajili Cliff Avril na Michael Bennett kwa mpigo, watu wawili wa kuwakimbiza makwotabeki, na wakamleta Percy Harvin toka Minnesota. Timu yenye kwotabeki wa milioni 20 haiwezi kufanya hivyo dirisha moja. Hivyo ile 43-8 mnayoiona, Peyton Manning anahangaika usiku mzima hana pa kurushia, kuna mkono wa namba 75 hata kwa watu ambao hawakutoka kwenye hiyo drafti. Mwaka 2015 Wilson akasaini mpya, miaka minne ya nyongeza milioni 87.6. Haki yake kabisa, lakini tangu hapo kikosi kikaanza kupungua mmoja mmoja na Super Bowl hakucheza nyingine.

#6

Aisee hapo kwenye bei sikuwahi kufikiria. Ina maana kijana alikuwa anadhulumiwa kisheria?

#7 (mleta uzi)

Ndio hivyo mkuu, mshindi wa Super Bowl analipwa kuliko mimi ila kwa soko lake ni kama posho ya chai.

#8

Naomba kuuliza mleta uzi, mbona unamruka Wagner? Mimi ni dada niko Columbus Ohio, mume wangu ndio kaniambukiza huu ugonjwa wa NFL, na nakwambia kwenye nyumba yetu jina la Wagner linatajwa kwa heshima zote. Miaka yote mnamwimba Wilson. Lainibeka wa kati ndiye anayesoma mchezo wa adui, anapanga wenzake, anapiga makofi kwenye kofia ya huyu, anamsukuma yule nusu hatua kushoto, halafu mpira ukianza anafika yeye wa kwanza. Kachaguliwa kikosi bora cha kwanza cha ligi mara 6. SITA. Wilson mara ngapi? Hata moja hana. Mtu wa raundi ya pili namba 47!

Na mkataba wake wa 2019 alikaa mezani mwenyewe bila wakala, akatoka na milioni 54 kwa miaka mitatu. Kaka zangu mnaolipa madalali asilimia chukueni somo hapo.

#9 (mleta uzi)

Dada yangu sijamruka, nilikuwa namuwekea akiba. Jibu langu mimi ni kwamba kichwa cha hii drafti ni Wagner na sio Wilson, na najua kwa hili nitatukanwa. Wilson alikuwa na miaka yake ya moto halafu akapoa, Wagner alikuwa kiwango kile kile mwaka wa pili mpaka wa tisa, haumii ovyo, hana maneno. Jamaa mmoja kazini alikuwa anasema kumuangalia Wagner ni kama kuangalia fundi saa, hakuna mbwembwe, kitu kinakaa mahali pake. Na niwakumbushe, hawa wawili waliingia pamoja wakatoka siku MOJA. Tarehe 8 mwezi wa tatu 2022 asubuhi habari zinatoka Wilson kauzwa Denver, jioni zinatoka za Wagner kuachwa. Mtaani kwetu ilikuwa kama msiba. Wagner alirudi tena 2023 akapokewa kama mtoto aliyetoka jeshini.

#10

Mimi nataka tuongelee Irvin maana naona mnampita pembeni. Nafasi ya kwanza kabisa ya timu, namba 15, ndio sehemu ambayo hutakiwi kukosea. Baada yake namba 21 New England wakamchukua Chandler Jones, nafasi hiyo hiyo ya kumkimbiza kwotabeki, na Jones kamaliza na kama mara mbili ya Irvin kwa kuangusha makwotabeki. Cox waliachana naye wenyewe. Hiyo ni kufeli, tuitane kwa majina.

#11

Kufeli vipi wewe? Msimu wake wa kwanza Irvin kaangusha makwotabeki mara 8, hakuna mgeni yeyote kwenye ligi aliyemfikia mwaka ule. Mwaka uliofuata wakamhamishia lainibeka, kazi mpya kabisa, akaifanya, akabeba taji. Garasa ni yule ambaye baada ya miaka miwili humkumbuki jina.

#10

Na mwaka huo huo akafungiwa mechi 4 kwa dawa zisizoruhusiwa. Na Super Bowl iliyofuata kaishia kutolewa nje kwa kupigana pale mwishoni, wa kwanza kwenye historia ya Super Bowl. Endelea kumtetea.

#12 (mleta uzi)

Wote wawili mna hoja, tulizeni mshono. Irvin sio garasa na sio kifaa, ni mchezaji mzuri aliyenunuliwa kwa bei ya mchezaji mkubwa. Tatizo wengi wanafanya hesabu ya "wangemchukua fulani", na kwenye hiyo hesabu hakuna timu itakayopona, maana karibu timu zote zilimwacha Wilson raundi mbili nzima, Seattle wenyewe wakiwemo. Wangekuwa wanajua ni Wilson yule wasingemsubiri mpaka 75.

Lakini kuna kitu kuhusu ile biashara ya kurudi nyuma toka 12 kwenda 15 ambacho hakisemwi. Zile nafasi mbili walizopewa na Philadelphia. Ya 114 ikawa Jaye Howard wa Florida, Seattle hakufanya lolote wakamwacha 2013, akaenda Kansas City huko ndiko akachanua. Huyo unamhesabia nani? Mimi Seattle simhesabii hata nusu, kipaji ulikiona ukakiachia mlangoni, sifa apewe aliyekipikia chakula.

Ya 172 ndio kisa chenyewe. Jeremy Lane, beki wa pembeni kutoka Northwestern State huko Louisiana, raundi ya 6. Nenda Super Bowl ya tarehe 1/2/2015 dhidi ya New England. Kipindi cha kwanza Tom Brady yuko karibu na goli anarusha, Lane anamwibia pasi. Uwanja mzima unaruka. Anaanza kukimbia nao, anapigwa chini, anaangukia mkono. Tulikuwa tunaangalia kwa yule mzee, sebule imejaa, marudio yanaonyeshwa taratibu na mke wake akageuza uso akaenda jikoni. Mkono ulivunjika, na goti nalo likaenda. Lane nje.

Nani akaingia? Tharold Simon. Huyu ni wa drafti ya 2013, raundi ya 5. Brady sio mjinga, akaanza kumtafuta Simon kama nzi anavyotafuta kidonda. Ile tachidauni ya Julian Edelman iliyowapa New England uongozi mwishoni mwishoni, aliyeachwa pale ni Simon. Watu wote wanaongelea ile pasi ya Wilson iliyoibiwa na Malcolm Butler kwenye mstari wa goli, 28-24 mchezo kwisha, na kweli inauma mpaka leo. Mimi naumia zaidi na mkono wa Lane. Mchezaji wa namba 172, ambaye maksi za asubuhi ile ya 2012 nina uhakika hakuna aliyepoteza hata sentensi kwake, kutokuwepo kwake ndio kulifungua mlango.

Na hapo ndipo drafti mbili zinakutana uso kwa uso. Ya 2013 ilikuwa butu kwa sababu raundi ya kwanza waliitoa kumpata Harvin, wa kwanza kumchukua wao akawa Christine Michael, namba 62, mkimbiaji ambaye hakuwahi kumpokonya Lynch hata jasho. Wakaishi kwa akiba ya 2010, 2011 na 2012. Alipoumia mmoja wa akiba, stoo ikawa tupu.

#13

Daah. Hiyo ya Lane nilikuwa sijui kabisa, mimi nilianza kuangalia 2016.

#4

Sawa buda nimekusoma. Lakini basi tuje kwa wale wengine, usitupitishe haraka. Kumi walichukuliwa. Irvin, Wagner, Wilson, Lane, Howard hao tumeongea. Robert Turbin wa raundi ya 4, huyu alikuwa amesoma na Wagner chuo kimoja, alikuwa wa kumpumzisha Lynch, sawa. Korey Toomer? Winston Guy? Greg Scruggs? Hao Seattle walikuwa wapita njia. Watatu kati ya kumi.

#14 (mleta uzi)

Kufeli watatu tu kati ya kumi kwenye drafti ni muujiza mkuu, sio aibu. Timu nyingi zikipata watatu wa maana kati ya kumi zinapiga vigelegele. Raundi za chini huko ni kama kununua mitumba kwenye belo lililofungwa, unalipa kwanza ndio unafungua.

Kwanza umesahau J.R. Sweezy! Raundi ya 7, namba 225. Chuoni North Carolina State alikuwa anacheza difensi, huko huko alikuwa na Wilson kabla Wilson hajahamia Wisconsin. Seattle wakamchukua wakamwambia sasa wewe utacheza upande wa pili, utakuwa mlinzi wa kwotabeki. Miezi michache tu baadaye mechi ya kwanza ya msimu yuko uwanjani anaanza, nafasi ambayo hajawahi kuicheza maishani. Alipata tabu sana mwanzoni, nisidanganye. Lakini Super Bowl zote mbili kaanza. Namba 225!

Halafu nikupe kitu cha kufikirisha. Toomer alichukuliwa namba 154. Mwaka mmoja nyuma yake, 2011, Seattle hao hao, meneja yule yule John Schneider, kocha yule yule Pete Carroll, kwenye namba hiyo hiyo 154 walimchukua nani? Richard Sherman. Watu wale wale, macho yale yale, namba ile ile, mmoja anakuwa beki bora wa pembeni kwenye ligi na mwingine anakuwa jina ambalo hata wewe #4 umelitaja na alama ya kuuliza. Anayekwambia kuna fomula muulize kuhusu 154.

#8

Na Jermaine Kearse je? Alikuja 2012 huyo, alisoma hapo hapo Seattle, chuo cha University of Washington. Mbona hamumweki?

#10

Hakuchaguliwa huyo. Alisainiwa bure baada ya drafti kuisha. Hahesabiki.

#8

Kwani nani kasema hahesabiki? Alipatikana wiki ile ile na maskauti wale wale. Fainali ya kanda dhidi ya San Francisco, jaribio la nne, Wilson kamrushia Kearse tachidauni. Super Bowl ya Denver kafunga. Mwaka uliofuata na Green Bay, muda wa nyongeza, aliyefunga goli la ushindi 28-22 ni nani? Kearse. Huyo #4 mwenyewe kamuingiza Donnie Shell kwenye hesabu za Pittsburgh na yule naye hakuchaguliwa. Mkimhesabu Shell mhesabuni Kearse, mkimwacha Kearse na Shell mrudisheni.

#4

Hapo dada amenipata. Sina jibu 😅

#15 (mleta uzi)

Hahaha #4 umeuawa kwa panga lako mwenyewe. Mimi namhesabu Kearse. Kumshawishi kijana ambaye hukumtumia nafasi aje kwako wakati timu nyingine zinampigia simu nako ni kazi ya uskauti.

#16

Swali la mwisho kwangu. Wilson alipouzwa Denver, vile walivyopata Seattle navyo vinaingia kwenye maksi za 2012? Maana walipata nafasi mbili za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya pili, pamoja na wachezaji watatu. Denver mwaka ule wakamaliza 5-12, kwa hiyo nafasi waliyoitoa ikawa namba 5. Seattle wakachukua Devon Witherspoon. Kwenye ile ya 2022 namba 9 wakachukua Charles Cross, bado Boye Mafe na Derick Hall raundi za pili. Denver wakaishia kumwacha Wilson 2024 huku wanabeba dola milioni 85 kwenye hesabu za mtu ambaye hayupo.

#17 (mleta uzi)

Mimi hao nawaita wajukuu wa namba 75. Kwenye maksi za drafti siwaweki, maana ukianza hivyo hutamaliza, kila mchezaji ana babu yake. Ila kwenye maksi za meneja naweka, tena kwa wino mnene. Mtu kamchukua kijana raundi ya tatu, kamtumia miaka kumi, kabeba naye taji, halafu kamuuza wakati ule ule anaanza kushuka na Denver bado wanamuona wa 2013. Mechi ya kwanza ya 2022 Wilson karudi Seattle na jezi ya Denver, uwanja unamzomea, wakafungwa 17-16, kocha wake anaamua mpira upigwe teke kulenga goli toka yadi 64 badala ya kumwachia yeye mpira. Nilimuonea huruma siku ile, nisiwe mnafiki, nilizomea kidogo halafu nikanyamaza.

Kwa hiyo maksi zangu ni A. Sio A+, hiyo nawaachia Pittsburgh na watu wao wanne. Nimekata kwa ajili ya Irvin na kwa ajili ya Howard waliyemwachia. Na kama ningekuwa natoa maksi 2014 baada ya gwaride la ubingwa, baridi ile ya kugandisha kope, mamia ya maelfu ya watu barabarani, ningewapa A+++, nadhani ningekosea pia, kama yule wa F alivyokosea, kwa upande wa pili.

#2

Mleta uzi hukutumalizia, ile karatasi ya kwenye friji iliishia wapi??

#18 (mleta uzi)

Ilikaa mpaka 2019 mzee alipostaafu. Kwa miaka yote hiyo watu walikuwa wanaongezea maandishi, kuna 43-8, kuna "Wagner" imeandikwa mara kadhaa na mikono tofauti, kuna tarehe ya mkono wa Lane, kuna mtu alichora kaburi 2015 mwezi wa pili. Siku yake ya mwisho aliibandua mwenyewe, taratibu, gundi imeshakuwa ya njano inang'ang'ania rangi ya friji, akaikunja mara nne akaitia kwenye pochi nyuma ya leseni. Nikamwambia mzee sasa si ukubali tu kwamba walipatia. Akasema Wagner kapatia, Wilson kapatia, hata yule mtoto wa 225 kapatia. Akavaa koti.

"Irvin bado ni F."